Kitanda cha Kumi Kilisikia

Siku mliponiaga mlinipa leso mbili na saa ya ukutani, kisha mkaniomba niwaandikie machache kuhusu kazi. Leso nazivaa. Saa nimeitundika jikoni na inakwenda inavyotaka yenyewe, kama alivyokuwa akifanya yule fundi wetu wa picha za mifupa. Machache yenyewe ndiyo haya. Vyeo na mishahara sitavigusa. Mnavijua, na vimewanunisha vya kutosha. Nitasema habari za nyonga na vifundo vya mikono, kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, na kwa sababu kuna jambo nililolifanya katika wodi ya wanawake ambalo halimo kwenye faili lolote.

Siku yangu ya kwanza nilifika na koti jeupe ambalo mama yangu alikuwa amelipiga pasi mpaka likataka kusimama lenyewe. Nilikuwa nimesomea mazoezi ya viungo, nikadhani nitapewa chumba chenye kioo kikubwa na mipira ya rangi. Nikapelekwa chumba cha plasta. Humo nilimkuta Mzee Nyale, fundi wa plasta, mtu mfupi, mkavu, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Vua hilo koti ulitundike. Humu utatoka mweupe bila koti."

Alisema kweli. Kufikia adhuhuri nilikuwa na plasta hata kwenye nyusi.

Mzee Nyale alikuwa na taratibu zake, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Kabla ya kulowesha bendeji alipima maji kwa kiwiko, kama mama anayetaka kumwogesha mtoto, maana maji yakiwa ya moto plasta huganda upesi na humchoma mtu. Kisha alimwuliza mgonjwa swali ambalo mimi niliona ni la kupoteza wakati: "Mkono huu kazi yake nini?" Mmoja akajibu kusuka ukili, mwingine kukama mbuzi, mwingine kupiga chapa barua za watu pale mjini. Naye angesikiliza mpaka mwisho, maji yakipoa, foleni ikinung'unika nje.

"Mzee, mfupa ni mfupa tu," nikamwambia siku moja, kwa kiburi cha cheti kipya.

"Mfupa ni mfupa. Lakini huyu mama hakuja ili akautazame mfupa wake. Amekuja ili arudi akasuke."

Na jambo la mwisho lilikuwa hili. Akimaliza, alichukua kalamu nene akaandika tarehe ya kuondoa plasta. Hakuiandika kwenye kadi, kwa kuwa kadi huloa na hupotea. Aliiandika juu ya plasta yenyewe, herufi kubwa. Mara moja nilifunga mguu wa mtu nikasahau kuandika. Alinituma nimkimbilie mpaka langoni, na viatu vyangu vya plastiki vikipiga kelele, watu wa foleni wakicheka. Niliporudi nikihema akaniambia, "Hata mfungwa huambiwa miaka yake. Ukimfunga mtu, mwambie lini utamfungua." Nilinuna siku nzima. Mimi ni mwepesi wa hasira, hilo halihitaji kuandikwa.

Baadaye Mzee Nyale alistaafu, nami nikahamia upande wa mazoezi. Huko ndiko udadisi wangu ulikoanza kunisumbua. Mtu analetwa amebebwa, anapasuliwa, anafundishwa kutembea na fremu, anapigwa picha, picha inapendeza, daktari anafurahi, mtu anakwenda zake. Halafu? Halafu hakuna. Harudi. Mwenye nauli anarudi mara moja, akiona anatembea haji tena. Nilikuwa nikikaa na kujiuliza: yule bibi wa nyonga analima sasa? Yule mwashi anashika mwiko? Fomu yetu haikusaidia. Iliuliza kama mgonjwa anatembea, kama anavaa viatu, kama anapanda ngazi. Kama anaweza kuingia chooni akachuchumaa, au akainuka kutoka kwenye mkeka, fomu haikuona haja ya kujua. Aliyeitunga nadhani kwao wanakaa kwenye viti tangu kuzaliwa.

Sasa nifike wodini. Kitanda cha tisa alilala Bi Riziki, muuza mahamri wa Ukunda, mwenye ulimi mkali kuliko wangu. Nyonga yake ilikuwa imelika, daktari mpasuaji akaitoa na kumtilia ya chuma. Kitanda cha kumi alilala Bi Mwanakombo wa Munje, mama mpole, mwenye sauti ya chini, aliyeteleza kisimani akavunjika karibu na nyonga. Yeye hakutiliwa nyonga mpya. Mfupa wake wenyewe uliungwa kwa bamba na skrubu.

Hayo ni mambo mawili mbalimbali, nanyi msiyachanganye. Nyonga ya chuma yaweza kuchomoka mtu akikaa chini sana au akikunja mguu kupita kiasi. Mfupa wa skrubu hauna taabu hiyo. Ukishaungana, baada ya miezi kadhaa, mwenyewe hujifunza polepole kukaa chini, kusujudu, kuchuchumaa, akaendelea na maisha yake.

Asubuhi ya kuwaruhusu nilisimama katikati ya vitanda hivyo viwili, nimemwelekea Bi Riziki kwa kuwa nilijua huyu hatasikia. Sauti yangu mnaijua. "Usikae chini!" nikamwambia. "Mkekani hapana. Kigodani hapana. Mbuzi ya kukunia nazi usiikaribie. Usipishanishe miguu. Ukikaa chini nyonga itachomoka, na utarudishwa hapa ukilia!"

Bi Riziki akavuta shuka. "Nimesikia, daktari. Kwa hiyo hata nikifa mtanizika nimesimama?"

Wakaangua kicheko, hata wauguzi. Nami nikacheka. Sikugeuza shingo kumtazama wa kitanda cha kumi.

Wiki ya tatu Bi Riziki akarudishwa ndani ya gari la jirani, nyonga imechomoka. Alikuwa amekalia mbuzi. "Nazi mbili tu," akaniambia huku analia, kana kwamba ingekuwa tatu ndipo lingekuwa kosa. Nyonga ikarudishwa mahali pake, naye tangu hapo akashika adabu, na nazi hukuniwa na binti yake.

Bi Mwanakombo alikuja kliniki mara moja, miezi minne baada ya kupasuliwa. Alitembea vizuri na mkongojo mmoja. Picha ilikuwa ya kupendeza, skrubu zimetulia, mfupa umeungana. Nikachukua fomu.

"Wapanda ngazi, mama?"

Akanitazama kwa huruma. "Ngazi ya kwenda wapi, mwanangu?"

Nikacheka, nikaandika kwamba hajambo, nikaita mwingine. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia humpata nini anayelisikia lisilo lake.

Mwaka wangu wa mwisho nilikuwa na siku nyingi za likizo nilizokuwa sijazichukua. Nikanunua daftari, nikaandika majina ya wagonjwa wa zamani ambao bado nawakumbuka, nikatia kipimo changu cha pembe za viungo mkobani, nikaamua kuwafuata majumbani niwaone. Mume wangu akatikisa kichwa. "Huu ni umbeya tu, umevaa koti la hospitali." Labda. Lakini nilikuwa nimewaponya watu maisha yangu yote bila kujua kama walipona.

Nilianzia Mkwiro kwa Mzee Bakari, fundi wa madema, ile mitego ya samaki ya kusuka. Huyu alianguka mwambani akavunjika kifundo cha mkono wa kuume. Mfupa uliteleza ndani ya plasta, daktari akataka kumpasua amtilie bamba, mzee akakataa katakata. Ukaungana umepinda. Picha yake nilikuwa nikiionea haya hata kuwaonyesha wanafunzi. Nikamkuta barazani kwake, dema katikati ya miguu, mkono umepinda waziwazi, vidole vinakwenda mbio.

"Hebu nishike mkono, mzee, unibane."

Akanibana mpaka nikapiga ukelele. Wajukuu wakafurahi sana.

"Kuna kinachokushinda?"

Akafikiri. "Hakuna. Aa, kimoja. Dua." Akainua mikono kuomba. Kiganja cha kushoto kilifunguka juu, cha kulia kikasimama upande upande, hakitaki kugeuka. "Waona? Dua zangu zote zamwagikia huku."

"Na zajibiwa?"

"Mwaka jana nimeoa. Wewe wasemaje?"

Nikapima pembe, nikaandika daftarini: picha mbaya, mwenyewe hajambo kabisa. Nikarudi nimejaa maswali. Kama mwenye picha mbaya yuko hivi, mwenye picha nzuri kuliko wote je? Kesho yake nikaenda Munje.

Nilipiga hodi, nikakaribishwa. Ulikuwa wakati wa chakula cha mchana. Binti wa Bi Mwanakombo na watoto wake wanne walikuwa mkekani wamezunguka sinia la wali, na Bi Mwanakombo alikuwa kando, juu ya kiti cha plastiki, sahani yake mapajani. Aliinuka kunilaki bila mkongojo, akatembea mpaka mlangoni wima, bila kuchechemea. Moyo wangu ukafurahi. Nikasema kimoyomoyo, hii ndiyo kazi.

Lakini jicho langu halitulii. Kona moja niliona msala umetandikwa mbele ya kiti kingine. "Waswali kitini, mama?"

"Naswali kitini."

"Na kula je? Mbona hukai na wenzio?"

Akacheka kidogo, kama mtu anayeulizwa jambo ambalo mwulizaji analijua. "Si wewe mwanangu ulinikataza? Ulisema nikikaa chini nyonga itachomoka. Yule mwenzangu hakusikia, nikapata habari yalivyomkuta. Mimi nimesikia. Miaka mitatu sijagusa mkeka."

Nikakumbuka nilivyosimama kati ya vile vitanda viwili, nikimpigia kelele Bi Riziki.

Binti yake akadakia, "Mama ana utii, daktari. Hata matanga ya mama mdogo hakwenda."

Ndipo nikaambiwa. Ndugu yake wa pekee, aliyekuwa ameolewa Mkongani, alifariki mwaka uliofuata baada ya ile operesheni. Wanawake wa matangani hukaa chini, mnajua. "Ningekaa wapi?" Bi Mwanakombo akasema. "Wenzangu wako chini na kilio chao, mimi juu ya kiti kama niliyekuja kuwakagua? Tena ndugu yangu mwenyewe? Nikaona haya. Nikatuma salamu kwamba mguu wauma." Akakaza leso yake. "Mwanawe, Mwanajuma, alisikia kwamba kila siku naonekana dukani natembea. Tangu hapo hajanipigia simu. Namlaumu? Simlaumu."

Nilipaswa kusema pale pale. Mdomo nikaufungua, na maneno yaliyotoka ni haya: "Basi wakati wake umefika, mama. Sasa waweza kukaa."

Maneno yenyewe yalikuwa kweli, ndiyo maana yalitoka kwa urahisi. Bi Mwanakombo aliinua mikono, viganja vyote viwili vikafunguka. "Alhamdulillahi. Mungu akuweke, mwanangu." Nikaletewa wali nikala, na sijui ulikuwa na chumvi au hauna.

Nilimpeleka kwanza akapigwa picha. Daktari kijana akaitazama akaniambia pembeni, "Huyu aliungana zamani. Shida ni nini?" Nikamwambia hakuna shida. Kisha nikaanza kazi. Miaka mitatu ya kiti hukaza nyonga ya mtu yeyote, hata isiyovunjika, kwa hiyo nilimshusha kimo kidogo kidogo: wiki ya kwanza kiti, halafu kreti la soda lenye mto juu, halafu kigoda, halafu godoro lililokunjwa mara mbili, halafu mara moja. Lishikeni hilo, ni jema na halihitaji kifaa chochote. Kila Jumanne nilikuwa Munje. Nilijiambia namsaidia. Nilikuwa najitoza faini.

Siku alipofika mkekani wajukuu walipiga makofi. Yeye aligeukia kibla akasujudu, akakawia huko chini mpaka nikaanza kuogopa. Alipoinua uso ulikuwa umeloa. "Sasa nipeleke Mkongani," akaniambia. "Uje nawe, unishuhudie kwamba nilikatazwa."

Nikaenda. Ningesemaje siendi?

Mwanajuma alitupokea kwa heshima zote, na hakuna kinachouma kama heshima zote. "Shikamoo mama mkubwa." Kisha akaingia ndani akatoka na kiti, akakiweka katikati ya chumba. "Karibu ukae. Najua mkeka wetu haukufai."

"Nimekuja kukaa chini, mwanangu. Nilikuwa nimekatazwa na daktari huyu. Sasa ameniruhusu."

"Sasa?" Mwanajuma akanigeukia mimi. "Jirani yangu hapo alitiwa skrubu za nyonga kama zake. Hata mwaka haukuisha, alikuwa analima na kukaa atakako. Mama mkubwa yeye alikatazwa miaka mitatu? Ni ugonjwa gani huo, au mnanifanya mtoto?"

Bi Mwanakombo akanitazama, akingoja nimtetee. Niliona wazi kwamba nikinyamaza, ataondoka hapo mwongo mbele ya mtoto wa ndugu yake.

"Mama yako mkubwa hasemi uongo," nikamwambia. "Alikatazwa, nami ndiye niliyesema. Lakini katazo lile halikuwa lake. Lilikuwa la jirani yake wa kitanda. Nilipiga kelele wodini, sikusema ni la nani, sikusema ni la mpaka lini, naye akalishika kwa sababu ni mtu mwema. Yeye alipaswa kufunguliwa baada ya miezi michache. Na nilipojua, kule Munje, nilimficha."

Bi Mwanakombo akasema polepole, "Miezi michache."

"Ndiyo, mama."

"Basi siku ya matanga ya ndugu yangu..."

"Ungeweza kukaa."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aligeuza uso, mabega yakaanza kutikisika. Mwanajuma akasimama, akakichukua kile kiti, akakitoa nje uani. Akarudi na mkeka mpya, akautandika, na Bi Mwanakombo akashuka kama nilivyomfundisha, mkono ukutani, goti moja, halafu la pili, halafu chini kabisa. Mwanajuma akamwangukia mapajani. Wakalia kilio cha miaka miwili, nami nimesimama mlangoni na mkobo wangu, sijui niende au nibaki.

Baada ya muda mrefu Bi Mwanakombo alifuta uso kwa ncha ya leso. "Nawe njoo ukae."

Nikavua viatu, nikakaa.

"Umenikosea sana," akasema.

"Nimekukosea, mama. Nisamehe."

Alimpapasa Mwanajuma kichwani, akanyoosha mguu wake wa skrubu juu ya mkeka, akautazama, kisha akanitazama mimi.

"Haya, daktari. Safari hii sema vizuri. Nikae mpaka lini?"

"Mpaka uchoke mwenyewe, mama."

"Basi utangoja sana," akasema, na akamwambia Mwanajuma alete chai.